Mtoto wa Chekechea Naye Ashirikishwe Kupanga

Katika mikutano mikuu ya vijiji hutokea jambo ambalo watumishi wengi wa Serikali wamelizoea hata hawalishangai tena. Mtendaji husoma mpango wa maendeleo wa mwaka, hueleza zahanati itajengwa wapi na kila kaya itachangia nini, kisha huuliza kama yuko mwenye swali. Kimya hutanda. Mzee mmoja hukohoa, akina mama walioketi nyuma hutazamana, na mwenyekiti hutangaza kwamba mpango umepitishwa kwa kauli moja. Miezi sita baadaye matofali yamelala palepale yalipofyatuliwa, nyasi zimeota juu yake, na lawama zimekwisha kuanza: watu wa hapa ni wavivu, hawapendi maendeleo.

Kimya hicho kina sababu nyingi. Wako waliochoshwa na ahadi, na wako wanaomwogopa mtendaji. Lakini iko sababu moja ambayo haijasemwa vya kutosha, nayo ni kwamba wengi wa watu wale walifundishwa kunyamaza kabla hawajafundishwa kusoma. Walijifunza wangali wadogo kwamba mpango ni kitu kinachotoka kwa mkubwa, na kwamba sifa ya mdogo ni kuupokea. Mtu aliyelelewa hivyo kwa miaka 18 hawezi kugeuka mpangaji hodari kwa sababu tu amefikia umri wa kuingia katika mkutano wa kijiji.

Chama kililitambua tatizo hili zamani kwa upande wa watu wazima. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulieleza waziwazi kwamba maendeleo hayawezi kuwa ya watu kama watu wenyewe hawakushiriki katika kuyafikiria, kuyapanga na kuyatekeleza. Baadaye ukaja utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unawataka wanakijiji waanze wao kutaja walicho nacho na kinachowakwamisha kabla wataalamu wa wilaya hawajafungua madaftari yao. Haya yote ni mema. Kasoro yake ni kwamba yanaanza na mtu ambaye tabia yake imekwisha kukomaa. Methali inasema samaki mkunje angali mbichi, na kila mzazi anaijua. Ajabu ni kwamba methali hiyo hutumiwa siku zote kumfunza mtoto utii, wala haitumiwi kumfunza kufikiri pamoja na wenzake, kana kwamba kufikiri ni mkunjo ambao samaki ataupata mwenyewe akiisha kukauka.

Hebu litazamwe darasa la awali katika shule ya msingi ya kawaida, au kituo cha kulelea watoto wadogo mchana katika mtaa wowote wa mji. Watoto wa miaka mitatu, minne na mitano wameketi juu ya mkeka. Ukutani imebandikwa ratiba ambayo hakuna hata mmoja kati yao awezaye kuisoma. Saa mbili ni kuimba, saa mbili na nusu ni kuhesabu, kisha uji, kisha herufi, kisha michezo ya nje ikiwa jua si kali. Mwalimu husema na darasa zima huitikia. Mtoto anayeuliza kwa nini leo wasianze na mchanga huambiwa akae chini. Si kwamba mwalimu huyo ni mkatili. Pengine ni mwanamke mpole anayewafuta watoto kamasi kwa kanga yake mwenyewe na kuwagawia uji kwa haki. Ila hakuna aliyepata kumwambia kwamba swali la yule mtoto lilikuwa sehemu ya somo, tena pengine lilikuwa sehemu bora kuliko zote.

Watoto hao hao wakitoka nje hubadilika. Wakitaka kucheza kombolela, kwanza hufanya baraza. Watabishana nani ahesabu, mipaka iwe wapi, mdogo wa fulani aruhusiwe kucheza au aachwe kwa kuwa bado hawezi kukimbia. Wakitaka kuunda gari la maboksi, mmoja hutumwa kutafuta visoda vya magurudumu, mwingine kamba, na mwenye boksi hujipa udereva. Katika mchezo wa baba na mama hugawana kazi zote za nyumba kwa dakika tano, na asiyeridhika na cheo chake hujitoa akaanzisha nyumba nyingine chini ya mwembe wa pili. Yeyote aliyewahi kukaa kibarazani jioni akawatazama watoto wakicheza hawezi kudai kwamba mtoto wa miaka minne hajui kupanga. Anajua, na hulifanya kila siku penye watu wazima wasiomwangalia. Kituo ndicho kinachomtaka auache ujuzi huo mlangoni pamoja na ndala zake.

Sheria za nchi haziko upande wa ratiba ile ya ukutani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, miaka miwili baada ya kupitishwa kwake, na kifungu cha 12 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Mwaka 2005 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba haki hiyo haingoji mtoto aanze shule ya msingi, bali inamhusu hata yule ambaye bado anaeleza atakalo kwa ishara na kwa kilio. Humu nchini, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu chake cha 11, inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kuyasema, ya kusikilizwa, na ya kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Maofisa wengi wanaijua sheria hiyo kwa habari ya ndoa za utotoni na ya matunzo baada ya wazazi kutengana. Ni wachache waliokwisha kuisoma wakifikiria mkeka wa chekechea, ambako mambo yanayomgusa mtoto huamuliwa kila baada ya nusu saa.

Hata hivyo, hoja hii haitegemei sheria peke yake, na mtu asidhani kwamba imetoka ng'ambo. Mwalimu Nyerere, alipoandika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hakutaka wanafunzi walime tu. Alitaka waamue. Alitoa mfano wa wanafunzi wanaojadili fedha zilizopatikana shambani: je, wazitumie kukodi trekta, au wafanye kazi ngumu kwa mikono yao na fedha ziende kwenye haja nyingine? Katika mfano huo mdogo ndimo ilimokuwamo siasa yote ya kujitegemea. Yaliyofuata katika shule nyingi yanajulikana kwa kila mwalimu mwenye umri wa kutosha. Jembe likabaki, mjadala ukaondolewa. Mwalimu wa zamu aliamua kilimwe nini, mavuno yalikwenda yalikokwenda, na shamba la shule likageuka mahali pa kupelekwa mchelewaji na mtukutu. Kizazi kizima kikatoka shuleni kikiamini kwamba kujitegemea ni jina jingine la adhabu. Wapo wanaosema kwamba siasa ile ilishindwa kwa sababu watoto hawapendi kazi. Mtoto aliyeunda gari la maboksi kutwa nzima bila kula ni shahidi wa kutosha dhidi yao. Asichokipenda mtoto, kama asivyokipenda mtu mzima, ni kuutekeleza mpango wa mtu mwingine bila kujua sababu yake.

Namna ya kumshirikisha mtoto mdogo katika kupanga imekwisha kujaribiwa na kuandikwa. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan huko Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967, wataalamu wakiongozwa na David Weikart waliendesha shule ya watoto wadogo wa familia maskini za Wamarekani Weusi. Humo ulikuzwa utaratibu wa hatua tatu ambao baadaye ulijulikana kwa jina la HighScope. Asubuhi mtoto husema atafanya nini, kisha huenda akakifanya, kisha hurudi akaeleza kilikwendaje. Kupanga, kutenda, kukumbuka. Mwaka 1967 wataalamu hao walianza kuulinganisha utaratibu huo na mingine miwili: mmoja ambao mwalimu huongoza kila neno na watoto hujibu, na mwingine wa michezo huria. Watoto 68 waligawanywa katika makundi matatu. Mwanzoni alama za akili zilipanda karibu sawasawa katika makundi yote, na mtu mwenye haraka angeweza kusema kwamba hakuna tofauti. Tofauti ilijitokeza baadaye, kwani walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 23, wale walioongozwa kila neno walikuwa wamekamatwa kwa makosa makubwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Ni haki kutaja kwamba watoto 68 ni wachache, na kwamba waliofanya uchunguzi ndio waliokuwa wenye utaratibu mmojawapo. Ushahidi huo usifanywe msahafu. Lakini swali unalouliza ni la maana kwa nchi yoyote inayotaka raia wanaojitawala: mtu ambaye hajapata kujipangia jambo lolote, atajizuiaje siku asipokuwapo wa kumzuia?

Kwa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili si geni. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu Bi Swafiya Said alianzisha mjini Mombasa mpango wa shule za awali zilizounganishwa na madrasa, na baadaye mpango huo ukaenea Zanzibar na Uganda. Ulichukua baadhi ya taratibu za HighScope ukazivalisha kanzu na buibui. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, waliofundishwa kazi na kufuatwa katika vituo vyao. Vifaa vilikuwa vifuu, makuti, mbegu na makopo. Watoto walichagua kona ya kufanyia kazi, na dini yao na lugha yao hazikuachwa nje. Watafiti waliowalinganisha watoto hao na wenzao katika Kenya, Zanzibar na Uganda walieleza mwaka 2008 kwamba maendeleo yao yalikuwa mazuri zaidi. Kwa hiyo anayesema kwamba kumshirikisha mtoto ni mambo ya Wazungu wenye madarasa ya mazulia na afanye safari fupi ya boti.

Katika Tanzania Bara, mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulikwisha kuagiza kona za ujifunzaji, na walimu wengi wamezitengeneza kwa mikono yao: kona ya duka yenye makasha matupu ya chumvi na majani ya chai, kona ya ujenzi, kona ya nyumbani, kona ya vitabu. Lakini katika vituo vingi kona hizo zimekuwa kama sebule ya mgeni. Hupangwa vizuri, hufagiliwa, na watoto huruhusiwa kuziingia siku anapotarajiwa mkubwa kutoka wilayani. Kona ambayo mtoto hakuichagua wala hakuamua ataifanyia nini ni pambo la ukuta.

Upinzani ulio na uzito kuliko mwingine wote ni wa idadi. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, lakini tangu ada na michango ilipoondolewa katika elimu ya msingi mwaka 2016, darasa la awali lenye watoto 80 au 100 limekuwa jambo la kawaida. Mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto 100 ana haki ya kucheka akiambiwa amuulize kila mmoja mpango wake wa siku. Jibu la kwanza ni kwamba walimu waongezwe, wala makala au semina haziwezi kuziba pengo hilo. Jibu la pili ni kwamba hata katika darasa hilo kuna linalowezekana. Watoto wanaweza kugawanywa vikundi vyenye majina waliyoyachagua wenyewe, Simba, Embe, Treni, na kila asubuhi zamu ikawa ya kikundi kimoja kupanga kwa sauti mbele ya wengine: leo duka liuze nini, hadithi iwe ipi kati ya mbili, mchezo wa nje uwe upi, nani amwagilie mchicha. Dakika kumi zinatosha. Kabla ya kwenda nyumbani kikundi hichohicho hueleza kilichofanyika na kisichofanyika. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye thamani kubwa. Mtoto anayesimama na kusema duka halikufunguliwa kwa sababu wote walitaka kuwa wenye duka na hakuna aliyetaka kununua, amekwisha kutoa taarifa ya utekelezaji ambayo kamati nyingi za watu wazima hushindwa kuitoa kwa unyofu kama huo.

Upinzani wa pili hutoka kwa wazazi. Mzazi aliyejinyima ili mtoto aende kituoni hutaka kuona daftari. Akikuta kurasa zimejaa a, e, i, o, u huridhika, na akiambiwa mtoto amejifunza kupanga huona fedha yake imepotea. Vituo vingi vya watu binafsi vimeshindana kuiridhisha tamaa hiyo hadi mtoto wa miaka mitatu anapewa kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Mzazi huyo hapaswi kubezwa, kwani ameuona umaskini na anaijua njia moja tu ya kuukimbia. Yafaa aitwe kituoni, akae kwenye kiti kidogo, amsikie mwanawe akieleza. Vikao vya wazazi vinavyojaa habari za michango vinaweza kutoa nusu saa kwa jambo hili.

Halafu liko suala la adabu. Husemwa kwamba mtoto akizoeshwa kuulizwa atakuwa mjeuri, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa lazima mambo mawili yatenganishwe. Kupanga pamoja si kumwachia mtoto madaraka yote. Iwapo lango lifungwe au lisifungwe, maji ya kunywa yachemshwe au yasichemshwe, mtoto mgonjwa arudishwe nyumbani au abaki, hayo si ya kupigiwa kura na watoto wa miaka minne, na mwalimu anayewauliza anakwepa wajibu wake. Kinachowahusu watoto ni kile wanachoweza kukielewa na kuyaona matokeo yake. Tena mtoto aliyekubali mwenyewe kwamba Treni watangulia bembeani leo na Embe kesho huilinda amri hiyo kwa ukali kuliko mwalimu. Wanaojua kazi hii wanafahamu kwamba fujo nyingi za darasani hutokea watoto wanapongojeshwa bila kujua wanangojea nini.

Kuna hatari moja iliyo mbaya kuliko kutomuuliza mtoto kabisa, nayo ni kumuuliza kwa maonyesho. Mwalimu huuliza hadithi gani isomwe, watoto hujibu ya sungura, naye husoma ya fisi kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa katika andalio la somo. Likitokea mara tatu, mara ya nne watoto watanyamaza au watasema wanachodhani mwalimu anakitaka. Watakuwa wamejifunza, wakiwa na miaka minne, sanaa yote ya mkutano wa kijiji uliotajwa hapo juu. Ikiwa hadithi ya sungura haiwezekani leo, waambiwe sababu, na isomwe kesho bila kukosa.

Lakini mwalimu hayuko huru kama mshauri anavyofikiri. Januari hutakiwa kuandika azimio la kazi la mwaka mzima, na kila wiki andalio la somo, kila safu ikiwa imejazwa. Mthibiti Ubora wa Shule akija, hulinganisha kilichoandikwa na kinachofundishwa. Mwalimu aliyewafuata watoto wake waliotaka kujenga daraja baada ya mvua kubwa kuukata mtaro wa shule, akaacha somo la rangi lililopangwa siku ile, anaweza kuandikwa kuwa amekiuka mpango, ingawa katika daraja lile palikuwa na kuhesabu, na lugha, na ushirikiano, na hata rangi za udongo. Mwalimu mwenye busara atajilinda, na njia ya kujilinda ni kuwaambia watoto wakae chini. Kwa hiyo mzigo huu usiwekwe juu ya kichwa cha mwalimu wa cheti anayelipwa kidogo kuliko wote shuleni. Mzigo ni wa wale wanaotengeneza fomu na wale wanaozikagua.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha hadi mwaka wa fedha 2025/26, iliwakutanisha watu wa afya, lishe, elimu na ustawi wa jamii, ambao awali kila mmoja alilima tuta lake. Katika utekelezaji wa kazi ya namna hiyo mambo yanayohesabika ndiyo yanayopewa nafasi: vituo vilivyosajiliwa, walezi waliopata mafunzo, watoto waliopimwa uzito. Ni sawa yahesabiwe. Ila Afisa Ustawi wa Jamii anayekwenda kukagua kituo ili akisajili huhesabu matundu ya choo na kupima upana wa madirisha, kisha huondoka bila kuzungumza na mtoto hata mmoja. Wala halaumiwi, kwa sababu hakuna mahali katika karatasi yake panapomtaka afanye hivyo.

Badiliko linalotakiwa hapo halihitaji bajeti ya nyongeza wala mfadhili. Katika andalio la somo la darasa la awali iongezwe safu moja yenye kichwa "Watoto walipendekeza nini," na nyingine "Kilifanyika au hakikufanyika, na kwa nini." Katika karatasi ya mkaguzi wa kituo uongezwe mstari unaomwagiza akae mkekani na watoto watano, awaulize leo wamepanga kufanya nini, na aandike majibu yao kama walivyoyasema. Pale ambapo watoto wote watano watageuza macho kumtazama mwalimu kabla ya kujibu, hilo nalo aliandike.